Ruzuku ya ufundi imfuate kijana hadi chuo cha parokia



Tarehe 1 Mei tulihudumu katika Misa ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi kwenye parokia tunayokwenda kwa utume wa mwisho wa wiki. Wakati wa matoleo vijana wa chuo kidogo cha ufundi cha parokia walitangulia na vifaa vyao: randa, msumeno, mwiko na timazi, kofia ya kuchomelea, na kitambaa kilichokwisha kukatwa tayari kwa cherehani. Paroko akavibariki, kwaya ikaimba, nasi mafrateri tukafurahi. Jumamosi iliyofuata tulipokwenda chuoni kufundisha dini, viti vinne vya darasa la ushonaji vilikuwa wazi. Sista anayekiongoza chuo hakuhitaji kueleza mengi. Ada haijalipwa, wasichana wamebaki nyumbani. Mmoja wao ndiye aliyekibeba kile kitambaa altareni.

Tunaandika kwa ajili ya hao wanne, ila hatuombi mchango. Michango tumeizoea, na waamini wa parokia ile wameshachangia paa, kisima na cherehani sita. Tunataka kusema jambo moja kuhusu fedha za umma: msaada wa serikali kwa mafunzo ya ufundi stadi umfuate kijana hadi kwenye chuo chochote kilichosajiliwa, kiwe cha parokia, cha usharika wa Kilutheri, cha taasisi ya Kiislamu au cha mtu binafsi. Kwa sasa haumfuati.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Tangu hapo kijana anayesoma shahada anaweza kuomba mkopo wa serikali, awe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Mwanza, ambacho ni cha maaskofu wetu. Hatujasikia mtu akilalamika kwamba fedha za umma zinamsomesha mtu katika chuo cha Kanisa. Mkopo ni wa mwanafunzi, naye huenda nao alikopokelewa. Mwaka wa masomo 2023/24 dirisha lilifunguliwa pia kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, kama afya, kilimo, madini na nishati. Mwaka mmoja kabla, ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa katika shule za serikali. Na katika bajeti ya 2023/24 serikali ikatangaza kufuta ada ya masomo ya ufundi katika vyuo vyake vitatu vikubwa, yaani DIT, MUST na Chuo cha Ufundi Arusha.

Kwa yote hayo tunashukuru, tena bila kejeli, maana ndugu zetu wenyewe wamefaidika. Lakini shuka ngazi moja zaidi, kwa kijana aliyeishia darasa la saba au aliyepata sifuri kidato cha nne na sasa anajifunza uashi, umeme wa majumbani au ushonaji. Akipata nafasi VETA, ada ambayo imejulikana kwa miaka mingi ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, kwa sababu gharama kubwa iliyobaki imebebwa na serikali. Akikosa nafasi hiyo, au chuo cha VETA kikiwa mbali na kwao, akaenda kwenye chuo cha parokia, mzigo wote ni wake: posho ya mwalimu, umeme wa mashine, mbao za mazoezi, hata uji wa saa nne. Msimamizi wa vyuo hivi viwili ni yuleyule, NACTVET. Mtihani wa taifa ni uleule. Kinachotofautiana ni jina lililoandikwa juu ya geti.

Linalotuuma zaidi ni habari ya tozo. Tangu sheria ya ufundi stadi ya mwaka 1994, waajiri wa Tanzania wamekuwa wakilipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo wengi wanaiita SDL, kwa kiwango cha asilimia ya mishahara wanayolipa. Iliwahi kuwa asilimia 6, ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Kwa miaka mingi mgawanyo wake umekuwa kwamba theluthi moja inakwenda VETA na theluthi mbili zinakwenda Hazina, ambako zimetumika kwa mambo mengine, mikopo ya elimu ya juu ikiwa mojawapo. Tunaosoma mantiki tunafundishwa kuwa makini na majina ya vitu. Tozo inayoitwa ya ujuzi inamsaidia zaidi anayesoma shahada kuliko anayejifunza kushika msumeno! Mwenye karakana ya samani mjini analipa tozo hiyo akiwa na wafanyakazi wa kutosha, kisha anapotafuta seremala mpya anampata aliyefundishwa kwenye chuo cha parokia ambacho hakijaona hata shilingi ya tozo ile.

Kuna watakaosema basi vijana wa ufundi nao wapewe mikopo. Tumelifikiria hilo na hatukubaliani nalo. Mkopo wa chuo kikuu unarejeshwa kwa sababu kuna mwajiri na kuna mshahara: asilimia 15 inakatwa kabla mhusika hajaiona. Fundi cherehani wa kijijini hana mwajiri. Leo ana sare za shule za kushona mpaka usiku, mwezi wa tatu hana hata kazi ya kupunguza suruali. Kumdai kila mwezi ni kumfundisha kujificha. Tena kiasi kinachohitajika ni kidogo ukikilinganisha na miaka mitatu ya shahada, na kinaweza kumtosha kwa mafunzo yote. Ruzuku ndiyo inayofaa hapa, na mikopo ije baadaye atakapotaka kununua mashine. Halmashauri zetu tayari zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tunaona vikundi vya vijana vinapewa fedha hiyo kufungua karakana bila hata mmoja wao kuwa na cheti cha ufundi. Tunadhani mambo yamepangwa kinyumenyume.

Je, inawezekana fedha za serikali zikalipwa kwa chuo kisicho cha serikali? Inawezekana, na imeshafanyika. Kupitia programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, serikali imekuwa ikilipia mafunzo ya uanagenzi kwa vijana, na miongoni mwa vyuo vilivyowapokea ni vya Don Bosco, vinavyoendeshwa na Wasalesiani. Kijana alichaguliwa, akapelekwa, chuo kikalipwa, akahitimu. Tatizo la mipango ya namna hii ni kwamba huja kwa awamu, na huvifikia zaidi vyuo vikubwa ambavyo vina watu wa kuandika maandiko ya mradi. Sista wetu ana mwalimu mmoja wa uashi, mmoja wa ushonaji, na yeye mwenyewe ndiye mhasibu, mlezi na mpishi msaidizi. Tangazo likitoka Dodoma leo, litamfikia muda wa kuomba umekwisha.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni hospitali. Kila msomaji wetu anajua hospitali ya misheni inayotumika kama hospitali teule ya wilaya. Jengo ni la Kanisa, masista wapo wodini, lakini sehemu kubwa ya watumishi wanalipwa na serikali, na dawa nyingine zinatoka serikalini. Bugando pale Mwanza ni hospitali ya rufaa ya maaskofu, na imesimama kwa miaka mingi kwa mshahara wa serikali na usimamizi wa Kanisa. Mama mjamzito akifika usiku haulizwi kama ni Mkatoliki, wala mbunge haulizi kwa nini shilingi ya mlipakodi imemzalisha mtoto katika nyumba ya masista. Tulikubaliana zamani kwamba afya ya yule mama ni jambo la wote, na anayeweza kumhudumia vizuri karibu na kwake asaidiwe kufanya hivyo. Tunashindwa kuona kwa nini hoja hiyo iishie mlangoni mwa wodi isifike kwenye karakana.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yana jina la hoja hiyo: kanuni ya auni. Papa Pio XI aliieleza mwaka 1931 katika Quadragesimo Anno. Kwa maneno yetu ni hivi: jambo ambalo jumuiya ndogo inaliweza, jumuiya kubwa isiichukulie, bali iisaidie ilifanye vizuri. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, uliwakumbusha watawala kuwa fedha za umma kwa elimu zigawiwe kwa namna inayowaacha wazazi huru kweli kuchagua shule ya watoto wao. Tamko hilohilo halikusahau shule za ufundi, zimetajwa humo. Mzazi wa kijijini ambaye mwanaye anaweza kusoma kwa 60,000 mbali na nyumbani, au kwa mara kadhaa ya hizo hapa jirani anapomwona kila jioni, hajaachwa huru.

Serikali imekuwa ikijenga vyuo vya VETA katika wilaya 64 ambazo hazikuwa navyo, pamoja na chuo cha mkoa wa Songwe. Hatupingi. Nchi hii ina vijana wengi kuliko madarasa ya wote kwa pamoja, ya serikali na ya dini. Tunachosema ni kwamba jengo jipya linachukua miaka, likikamilika linahitaji walimu na mashine, na wakati huo wote kuna karakana za misheni zenye vyote viwili na viti vitupu. Peramiho na Ndanda mafundi wamefundishwa na wamonaki Wabenediktini tangu kabla ya uhuru. Nusu ya makanisa ya kusini yana milango iliyotengenezwa na mikono hiyo, na nyumba nyingi za serikali pia.

Pingamizi tunazisikia, na mbili kati yake zina uzito.

Ya kwanza ni ya vyuo vya mfukoni. Fungua ruzuku kwa kila mtu, nao watu watapangisha fremu mbili barabarani, waandike majina ya vijana mia moja, wachukue fedha, wafunge. Hili tunalikubali kabisa, limetokea kwenye mambo mengine mengi. Dawa yake ni kutolipa yote mapema. Nusu ilipwe kijana akisharipoti na kuhakikiwa, nusu nyingine akishafanya mtihani wa taifa. Chuo kisicho na usajili kamili wa NACTVET kisiguse hata senti. Na vijana wachaguliwe kwa uhitaji, ambao si vigumu kuujua kwa kuwa kaya maskini zimeshaorodheshwa na TASAF kijiji kwa kijiji. Ruzuku yenyewe isizidi kile ambacho serikali inakitumia kwa mwanafunzi mmoja wa VETA. Kwa hesabu hiyo mlipakodi hapotezi, na ameokoa gharama ya jengo.

Ya pili ni ya dini. Nchi yetu haina dini, na ndugu zetu Waislamu wana haki ya kuuliza kama mpango huu ni njia nyingine ya kuyapa makanisa fedha, hasa kwa kuwa makanisa ndiyo yenye vyuo vingi. Hatutaki kulijibu swali hilo kwa haraka. Hati ya maelewano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu elimu na afya ilileta maneno mengi, na mengine bado yanasemwa. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba ruzuku iwe ya kijana, kwa jina lake, naye aende nayo anakotaka, na chuo kinachoipokea kisimlazimishe sala wala kipindi cha dini. Kipindi chetu cha Jumamosi kinapaswa kuwa cha hiari kwa asiye Mkatoliki, na kwa kweli kimekuwa hivyo. Darasa la umeme lina vijana Waislamu, nao saa ya dini huendelea na nyaya zao. Mara nyingine tukitoka tunawakuta wamewazidi wenzao somo zima.

Wazee wetu wana hofu nyingine, nao wana sababu. Wanakumbuka sheria ya elimu ya mwaka 1969, shule za misheni zilipotaifishwa. Ukipokea mkono wa serikali, wanasema, kesho mkono huo unashika ufunguo. Tunawaheshimu. Hata hivyo hospitali teule zimepokea mkono huo kwa miongo kadhaa na bado ni hospitali za majimbo. Hatari tunayoiona kwa macho yetu leo ni nyingine: vyuo vidogo vinakufa polepole vikiwa huru kabisa, mfadhili wa Ulaya akizeeka, mwalimu mzuri akihama, karakana ikigeuzwa stoo ya mahindi.

Hapa inabidi tugeuke tujitazame sisi, kwa sababu ni rahisi kuidai Dodoma. Vyuo vingapi vya parokia zetu vina usajili kamili? Vingapi vina hesabu zilizokaguliwa, ambazo afisa wa serikali anaweza kuzifungua bila paroko kukasirika? Tumeona mahali ambapo ada ya wanafunzi inaingia kwenye sanduku moja na sadaka na zaka, na ikitoka inatoka kwa mafuta ya gari. Tumeona vijana wa useremala wakitengeneza mabenchi ya kanisa muhula mzima na kuitwa mazoezi, kisha siku ya mtihani hawajui kupiga vanishi mlango. Don Bosco alitia saini mkataba wa uanagenzi kule Turin mwaka 1852 kwa ajili ya kijana aliyejifunza useremala. Mkataba ulimzuia mwajiri kumpiga kijana, ukamzuia kumtumia kwa kazi zisizo za ufundi wake, na ukampa siku za mapumziko. Mkataba huo ukisomwa leo katika baadhi ya vyuo vyetu, wenye kuona aibu tutakuwa sisi. Anayeomba fedha za umma lazima akubali macho ya umma.

Na lipo la kwetu mafrateri. Seminarini, mwenzetu akiacha wito na kwenda kujifunza makanika, tunasema kwa sauti ya chini kwamba "ameishia ufundi". Tunasoma Wagiriki waliodhani kazi ya mikono ni ya watumwa, tunaandika mitihani ya kuwapinga, halafu tunawaiga tukila chakula cha jioni. Mapokeo yanasema baba yake Sokrates alikuwa mchonga mawe. Papa Yohane Paulo II, aliyetuandikia Laborem Exercens mwaka 1981, alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe karibu na Kraków wakati wa vita. Na Bwana wetu aliitwa mwana wa seremala na watu waliokusudia kumdharau. Tusipokuwa waangalifu tutakuwa mapadre wanaobariki randa tarehe 1 Mei na kuisahau tarehe 2, na waamini wetu watajifunza hivyo kutoka kwetu. Wazazi wengi tunaowatembelea katika jumuiya ndogondogo wako tayari kuuza ng'ombe kwa ajili ya kidato cha tano, lakini hawauzi hata kuku kwa ajili ya chuo cha ufundi. Serikali iliyoweka dirisha kwa shahada na kulifunga kwa ufundi haikulitoa wazo hilo mbinguni. Ni letu wote.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi mbili zianze kwa pamoja. Tume ya elimu ya kila jimbo iorodheshe vyuo vyake vyote vya ufundi, ijue kipi kimesajiliwa na kipi bado, na ivisaidie vilivyobaki kabla ya mwaka kwisha, hata kama ni kumtuma mhasibu wa jimbo akae wiki moja na sista. Wakati huohuo waamini walio madiwani, wabunge na maafisa wa wizara, ambao tunawaona Jumapili wakipokea Komunyo pamoja nasi, walipeleke suala la tozo na ruzuku mahali pake, na wasilipeleke kama suala la Wakatoliki. Wakae na wenzao wa BAKWATA na wa KKKT walitamke pamoja. Vyuo vyao vina viti vitupu kama vyetu.

Sista ameomba usajili uwe ajenda ya kwanza ya kamati ya fedha ya parokia mwezi ujao, nasi tumemwahidi kumsaidia kuchapa makaratasi. Wawili kati ya wale wasichana wanne wamerudi, baada ya jumuiya moja kuwalipia muhula. Wawili wengine, tumeambiwa na mama zao, wameshakwenda mjini kufanya kazi za ndani.